Kambi Haisahau Kazi Yake: Uchambuzi wa Kisa cha Waomba Hifadhi Ndani ya Kambi ya Jeshi ya Napier

Kiswahili kinatumia neno moja kwa askari na kwa wakimbizi: kambi. Mtu akikuambia kwamba ndugu yake anaishi kambini, utamuuliza, ipi, ya jeshi au ya wakimbizi? Kisa hiki ni cha mahali ambapo swali hilo lilikosa jibu. Ni kambi ya jeshi ya Napier, mji wa Folkestone, jimbo la Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, ambako kuanzia Septemba 2020 Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo iliwaweka wanaume waliokuwa wakisubiri majibu ya maombi yao ya hifadhi.

Kambi naitaja kwa jina kwa sababu mambo yake yamo katika hukumu ya mahakama na ripoti za wakaguzi zilizo wazi kwa kila mtu. Watu siwataji. Mahakama yenyewe iliwapa walalamikaji herufi badala ya majina, na hapa hata herufi hizo nimeziacha. Maofisa, walinzi, wauguzi na kampuni zilizopewa mikataba wamebaki bila majina, na pale ambapo habari ya mtu mmoja ingeweza kumtambulisha nimeieleza kwa ujumla.

Usuli

Napier ni sehemu ya kambi kubwa ya zamani iitwayo Shorncliffe, iliyo juu ya mwinuko unaotazama bahari. Jeshi lilinunua ardhi ile mwaka 1794, na mwanzoni mwa karne ya 19 Jenerali John Moore alifundishia hapo askari wepesi wa miguu wakati Uingereza ikihofia kuvamiwa na Napoleon. Siku hewa ikiwa safi, pwani ya Ufaransa inaonekana. Kwa hiyo eneo lile lilichaguliwa ili kumkabili mtu anayekuja kwa bahari kutoka upande wa pili. Miaka zaidi ya 200 baadaye likawekwa watu ambao wengi wao walikuja kwa bahari kutoka upande ule ule.

Mwaka 2020 zaidi ya watu 8,000 walivuka mlango ule wa bahari kwa boti ndogo. Wakati huo huo UVIKO-19 ilikuwa imeifanya serikali isimamishe kuwatoa watu kwenye nyumba walizopewa. Foleni ya maombi ilikuwa ndefu, nyumba za kawaida zikajaa, na Wizara ikaanza kukodi hoteli. Hoteli zilikuwa za gharama, na zaidi ya gharama zilizua maneno mitaani na bungeni. Ndipo majengo ya jeshi yasiyotumika yakakumbukwa. Zilichukuliwa mbili kwa pamoja: Napier, na Penally iliyoko Pembrokeshire, Wales.

Jengo lenyewe

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu wachambuzi wengi wa kisa hiki huruka sehemu hii na kukimbilia virusi na siasa.

Napier ilikuwa na majengo ya matofali ya zamani, uzio wenye seng'enge juu yake, na geti la kufuli lililolindwa na walinzi wenye sare. Mabweni mengi yalikuwa marefu. Chumba kimoja kililaza hadi watu 14, na bloku moja ikawa na vyumba viwili vya namna hiyo, yaani watu 28 wanaotumia maliwato na mabomba ya kuogea yale yale. Kitanda na kitanda vilitenganishwa na mbao nyembamba au shuka lililotundikwa. Chakula kililiwa ukumbini kwa saa maalumu. Jeshi lilikuwa limekwisha kuona kwamba majengo yale yamechoka, na eneo hilo lilikuwa limepangiwa ujenzi wa nyumba mpya.

Aliyesoma shule ya bweni atasema, kwani kuna nini? Sisi tulilala 40. Ni kweli, na sitaki kuwadharau waliolala 40. Lakini mwanafunzi anajua tarehe ya kufunga shule. Mchana yuko darasani, jioni yuko uwanjani, na bweni analiona wakati wa kulala tu. Bweni la jeshi lilichorwa kwa hesabu hiyo hiyo: mtu aamke alfajiri, atandike, akaguliwe, atoke, arudi amechoka, alale. Chumba kirefu kisicho na kuta kinampa afande nafasi ya kusimama mlangoni na kuwaona wote kwa jicho moja. Si kosa la ujenzi, ndivyo kilivyokusudiwa.

Sasa mtoe afande, toa gwaride, toa mshahara, cheo na likizo. Mweke mtu asiyeruhusiwa kufanya kazi, anayepewa pauni 8 kwa wiki, asiyejua atakaa humo wiki sita au miezi sita. Kinachobaki ni chumba kinachomwonyesha kwa wenzake usiku na mchana.

Mfululizo wa matukio

Kabla kambi haijafunguliwa, mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza ilishauriwa, nayo ikasema kwamba mabweni ya pamoja hayafai wakati wa janga. Ilieleza pia kwamba ikiwa ni lazima yatumike, basi watu wawe katika makundi madogo yasiyochanganyika na vitanda viwe mbali. Halmashauri ya eneo ilipata taarifa siku chache tu kabla.

Tarehe 21 Septemba 2020 wakazi wa kwanza waliingia. Wengi walitolewa hotelini kwa taarifa fupi, bila kuelezwa wanakopelekwa. Walitoka hasa Iran, Iraki, Sudan, Eritrea na Syria. Kufikia Novemba walikuwa karibu 400.

Mwezi huo huo wa Novemba, wakaguzi wa usalama wa moto katika majengo ya serikali walipita wakakuta kasoro nzito. Hatua zilizofuata zilikuwa za polepole.

Desemba na Januari hali ikazidi kuchacha. Baadhi ya wakazi waligoma kula, na wengine walitoka bwenini wakalala nje kwenye baridi kali kwa kuogopa kuambukizwa ndani. Nje ya geti walikuja watu wa aina mbili: wenyeji walioleta nguo na vitabu, na wengine waliokuja na kamera kuwarekodi na kuwatukana.

Katikati ya Januari 2021 virusi vikaingia. Karibu watu 200 walikutwa na maambukizi, yaani kama nusu ya kambi. Wagonjwa na wazima walibaki bloku moja, wakitumia choo kimoja. Tarehe 15 Januari wakazi waliambiwa wasitoke kambini kwa hali yoyote. Baadhi walihamishwa, wengi walibaki.

Tarehe 29 Januari moto uliwaka kwenye bloku moja. Kwa siku kadhaa waliobaki walikosa umeme, joto na maji ya moto, katikati ya majira ya baridi.

Februari wakaguzi huru wa magereza na wa uhamiaji walikwenda Napier na Penally. Matokeo ya awali yalitoka Machi pamoja na picha. Waliandika kwamba mahali pale ni duni, pamechakaa, na hapafai kwa kukaa muda mrefu. Bloku iliyotumika kuwatenga watu waliohofiwa kujidhuru waliiona haifai kukaliwa na binadamu. Katika dodoso lao, kama theluthi ya waliojibu kutoka Napier walisema wamewahi kufikiria kujiua. Penally ilifungwa mwezi huo wa Machi. Napier iliondolewa watu mwanzoni mwa Aprili, na baada ya wiki moja hivi wakaanza kuletwa wapya.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mahali, na sababu zake za wazi zinaeleweka: dharura, upungufu wa vyumba, majengo ya serikali yaliyo tayari na yenye uzio, jiko na vyoo. Ukiandika orodha ya mahitaji ya kulaza watu 400, kambi ya jeshi inapata alama karibu zote. Orodha kama hiyo huhesabu vitanda. Haiulizi kitanda kimewekwa wapi na mlango wake uko upande gani.

Palikuwa na sababu nyingine iliyoandikwa kwenye tathmini ya usawa ya Wizara yenyewe, yaani hati ya kupima uamuzi utayagusa vipi makundi mbalimbali ya watu. Ilisema kwamba kuwapa waomba hifadhi zaidi ya kile cha lazima kungeweza kupunguza imani ya umma katika mfumo wa hifadhi. Watu wengi hawakuiona sentensi hiyo hadi ilipotoka magazetini. Kwangu ndiyo inayofungua kisa kizima, kwa sababu inamaanisha kwamba sura ya mahali ilikuwa sehemu ya uamuzi. Wizara ilitaka makazi yaonekane kutoka nje kuwa hayana starehe, na hakuna jengo linaloonyesha hilo kwa haraka kuliko kambi yenye seng'enge.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa nani apelekwe. Vigezo vilitaka wanaume wazima wasio na familia, wasio na ugonjwa mzito wa mwili au akili, na wasiokuwa wahanga wa mateso au wa biashara ya kusafirisha binadamu. Soma vigezo hivyo tena polepole. Mwanaume, peke yake, mzima wa mwili, akili timamu, hajaumizwa. Ni vigezo vya kuandikisha kuruta. Wizara bila kujua ilikiri kwamba jengo la askari linamfaa mtu anayefanana na askari, kisha ikaanza kumtafuta mtu huyo katika kundi la watu waliokimbia vita, magereza na jangwa la Libya. Wachache walifaa. Wengi wasiofaa walipelekwa hata hivyo, kwa sababu uchujaji ulitegemea taarifa zilizokuwa tayari kwenye mafaili, na mtu aliyeteswa halielezi jambo hilo katika mahojiano ya dakika chache siku anaposhuka kwenye boti.

Uamuzi wa tatu, wa kuwafungia Januari, ulifanywa kwa haraka. Sababu ilikuwa kuzuia virusi visitoke kwenda mjini. Nadhani geti lenyewe lilichangia. Mwenye nyumba ya kawaida ya wageni hawezi kuwazuia watu 300 wasitoke, hana pa kuanzia. Mwenye uzio, kufuli na walinzi anaweza, na kwa kuwa anaweza, wazo linamjia mapema.

Matokeo

Wakazi sita walifungua kesi. Tarehe 3 Juni 2021 jaji wa Mahakama Kuu aliamua kwamba makazi yale hayakufikia kiwango cha chini kinachotakiwa kwa afya ya walalamikaji, kiwango kilichotokana na Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 kuhusu kuwapokea waomba hifadhi. Alifika hapo kwa njia zaidi ya moja: ukiangalia UVIKO peke yake, moto peke yake, au mambo yote kwa mkusanyiko. Aliona pia kwamba utaratibu wa kuwachuja watu ulikuwa na kasoro, na kwamba kuwazuia wasitoke kulikuwa kuwafungia kinyume cha sheria.

Kambi haikufungwa kwa hukumu hiyo. Jaji hakusema kwamba kambi ya jeshi haiwezi kamwe kutumika. Alieleza kwamba ikiwa itaendelea, basi idadi ipungue, hali iboreshwe, watu wachujwe kwa makini zaidi, na muda wa mtu kukaa uangaliwe. Wizara ilipunguza idadi na kuweka ukomo wa siku 60 hadi 90 kwa mtu mmoja. Baadaye ilijipatia ruhusa maalumu ya mipango miji ya miaka mitano, ambayo nayo Mahakama Kuu iliiona si halali Juni 2022, kwa sababu wajibu wa kisheria wa usawa haukutekelezwa.

Uchambuzi: jengo lilifanya nini

Tukisoma kisa hiki kama kisa cha uzembe tu, tutajifunza kupiga rangi na kuongeza sabuni. Uzembe ulikuwepo. Lakini mambo manne yaliyowaumiza watu yalitoka kwenye ramani ya jengo, na yangetokea hata kwa mfanyakazi mwenye bidii.

La kwanza ni ugonjwa, na hapa historia inachekesha kwa namna chungu. Mwaka 1857 Uingereza iliunda tume ya kifalme kuchunguza afya ya jeshi, kwa msukumo mkubwa wa Florence Nightingale. Ilikuta kwamba askari waliokaa kambini nchini mwao, wakati wa amani, walikufa karibu mara mbili ya raia wa umri wao. Kifua kikuu kilikuwa muuaji mkubwa, na sababu ilikuwa msongamano na hewa nzito mabwenini. Tume ikapendekeza futi za ujazo 600 za hewa kwa kila askari, kama mita za ujazo 17. Jeshi la Uingereza lilijua tangu karne ya 19 kwamba bweni la kambi huua kwa njia ya hewa. Mwaka 2020 serikali hiyo hiyo iliwalaza watu 14 chumba kimoja, wakati wa ugonjwa wa hewa. Jaji aliona kwamba mlipuko ulikuwa karibu hauepukiki. Ushauri wa kuunda makundi madogo haukutekelezeka kwa maana, maana huwezi kuunda kundi la watu sita ndani ya bloku yenye maliwato ya watu 28. Mabomba ndiyo yanayoamua kundi ni la watu wangapi.

La pili ni uzio. Uzio wa jeshi hutazama nje: adui yuko kule, mali na silaha ziko huku. Ukiwaweka raia ndani bila kubadili chochote, uzio ule ule unageuka kutazama ndani. Mwenyeji anayepita anaona seng'enge, geti na mlinzi, anajiuliza waliomo wamefanya nini. Hakuna aliyemwambia kwamba ni watu hatari, ukuta umemwambia. Waliokuja na kamera kuwarekodi walijua vizuri ni picha gani wanayoitafuta. Naye aliye ndani anaona kitu hicho hicho kutoka upande wa pili, kila asubuhi, na pole pole anaanza kukiamini. Wakazi wa Napier walipaita gerezani muda mrefu kabla ya amri ya Januari, wakati kisheria walikuwa huru kutoka.

La tatu ni kumbukumbu. Nchini Uingereza maneno "kambi ya jeshi" ni maneno ya kawaida. Kwa mtu wa Eritrea si hivyo. Sheria ya nchi yake ya mwaka 1995 iliweka utumishi wa taifa wa miezi 18, lakini baada ya vita na Ethiopia iliyoanza 1998 utumishi huo ukawa hauna mwisho, na maelfu ya vijana walikimbia nchi ili watoke katika mabweni ya namna hiyo. Kwa aliyepita Libya pia si hivyo. Mnamo Julai 2019 kituo cha kuwazuilia wahamiaji huko Tajoura, karibu na Tripoli, kilipigwa bomu kutoka angani na watu zaidi ya 50 wakafa. Kilikuwa ndani ya eneo la wapiganaji. Mtu aliyenusurika mahali kama hapo, au aliyesikia habari zake kwa rafiki, anapofikishwa usiku kwenye geti la jeshi, moyo wake unafanya kazi yake kabla mkalimani hajafungua mdomo. Kelele za buti kwenye korido, mlango wa chuma, taa za ulinzi, mtu mwenye sare anayeita majina kutoka kwenye karatasi, kwa mlinzi haya yote ni kazi ya kila siku. Kwa aliyeteswa ni kurudishwa.

La nne ni usingizi, ambalo ripoti hulitaja kwa sentensi moja. Watu 14 chumba kimoja, kati yao wawili watatu wenye jinamizi, maana yake hakuna anayelala. Mmoja anapiga kelele saa nane usiku, wote wanaamka. Baada ya mwezi watu wanakuwa wakali, wanasahau miadi ya wakili, wanashindwa kueleza tarehe za safari zao kwa mpangilio. Na mahojiano ya hifadhi ni jambo la tarehe na mpangilio. Mtu anayekosea miezi huonekana mwongo. Sijawahi kuona hesabu ya maombi mangapi yaliharibika kwa kukosa usingizi, lakini yeyote aliyewahi kumtayarisha mtu kwa mahojiano anajua ninachosema.

Kilichofaa

Si vingi, lakini vipo.

Wenyeji wa Folkestone waliofika getini walifanya jambo ambalo jengo lilikuwa limelizuia: walimpa mkazi sababu ya kutoka na mtu wa kumjua kwa jina. Simu zilisaidia pia. Ushahidi wa hali ya ndani ulitoka kwa picha za wakazi wenyewe kabla ya wakaguzi kufika. Wakaguzi nao walifanya vizuri kwa kutosubiri ripoti nene. Walitoa matokeo ya awali ndani ya wiki chache, na picha zao zikazungumza kuliko aya zao.

Ukomo wa siku 60 hadi 90 ulikuwa na maana kubwa kuliko rangi mpya, kwa sababu uligusa kitu ambacho mwanafunzi wa bweni na kuruta wote wanacho: tarehe. Kupunguza idadi kulisaidia pia. Hata hivyo mabweni yalibaki mabweni.

Kilichoshindikana, na ambacho kingeweza kufanywa

Kosa la msingi lilikuwa kuamini kwamba jengo ni chombo kitupu, kama sufuria: juzi ulipikia wali, leo pika maharage. Kambi ya jeshi ina maelekezo yaliyojengwa ndani yake kwa matofali, kuhusu nani anaonekana, nani anafunga mlango, watu wangapi wanaoga pamoja, na mji uko umbali gani. Ukitaka itoe kitu kingine lazima uvunje kitu, si usafishe.

Waingereza hao hao walishawahi kufanya kinyume, tena huku kwetu. Mwaka 1942 wakimbizi wa Poland waliletwa Tengeru karibu na Arusha, karibu 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliotoka Urusi kupitia Uajemi. Walijengewa vibanda vidogo vya mviringo vyenye paa la majani, watu wachache kila kimoja, na nafasi ya kupanda mboga na maua. Vilikuwa vibanda vya kimaskini. Lakini kila kimoja kilikuwa na mlango wake, na aliyelala ndani ndiye aliyeufungua. Kambi hiyo ilikuwa na mambo yake mengine, na ubaguzi wa kikoloni ulihusika katika nani anapewa nini. Nazungumzia ramani tu: fedha kidogo hazimlazimishi mtu kujenga bweni.

Napier ingeweza kugawanywa kuwa vyumba vya watu wawili wawili kwa kuta halisi, kila kundi la vyumba na choo chake. Idadi ingeshuka sana na gharama kwa kichwa ingepanda, na ndipo tungejua kama kambi kweli ilikuwa nafuu kuliko hoteli. Geti lingeweza kuwa mapokezi ya kawaida, na mtu wa mapokezi akavaa nguo za nyumbani. Seng'enge ingeweza kukatwa siku ya kwanza kwa koleo na watu wawili. Hili la mwisho ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu halikuhitaji bajeti.

Uchujaji nao ulihitaji kugeuzwa. Utaratibu ulikuwa kumpeleka mtu kwanza, kisha kumtoa akithibitika hafai. Kuthibitika huko kulihitaji daktari na wakili, vitu vilivyokuwa vigumu kuvipata kutoka ndani. Aliye dhaifu zaidi ndiye aliyechelewa zaidi kutoka.

Swali halijaisha

Kisa hiki kingekuwa historia tu kama kisingejirudia. Vuli ya 2022 eneo la zamani la jeshi la anga huko Manston, Kent, lilisongamana watu karibu 4,000 mahali palipokusudiwa watu 1,600. Julai 2023 ilifunguliwa Wethersfield, kiwanja cha zamani cha ndege za kivita huko Essex, kikubwa kiasi kwamba mkazi hutembea muda mrefu kufika geti kabla hajaanza safari ya mjini. Machi 2025 Mahakama Kuu iliona kwamba baadhi ya wanaume waliwekwa huko kinyume cha sheria. Oktoba 2025 serikali ilitangaza kambi mbili nyingine za jeshi, moja Inverness huko Uskoti na nyingine Crowborough kusini mwa Uingereza, kwa wanaume wapatao 900.

Anayepewa kazi ya kukagua mojawapo asianze na jiko wala na usafi, kwa sababu hivyo vitakuwa vimepigwa deki asubuhi hiyo. Asimame bwenini saa mbili usiku ahesabu vitanda anavyoviona bila kugeuza shingo. Ahesabu watu kwa kila choo. Kisha atembee hadi getini peke yake, ajaribu kutoka bila kumwomba mtu.